Mpango Usio na Wakati Uliopita

Katika Mpango Mkuu wa Nairobi uliochapishwa London mwaka 1948 kuna dai moja ambalo lingefaa kusomwa kwa sauti na kila mwanafunzi wa mipango miji kabla hajashika rula. Waandishi wanaeleza kwamba hawakulazimika kuegemea upande wowote kuhusu kuwatenga watu kwa rangi, kwa kuwa wamejifunga na vipimo vya mahitaji ya binadamu na mahitaji ya kiufundi. Wakishasema hivyo, wanaendelea kuchora. Na mji waliouchora, ukiupita leo kutoka Muthaiga hadi Makadara, bado unaonyesha nani alikusudiwa kukaa wapi.

Dai hilo si uongo wa wazi, na ndiyo sababu linastahili uhakiki. Uongo wa wazi huchosha haraka. Ukishaufichua hakuna cha kuongeza. Hapa kuna kitu cha kisanii zaidi: msimulizi anayejitoa katika hadithi yake mwenyewe, akaiacha mandhari ifanye kazi ambayo yeye hataki ionekane mkononi mwake. Wanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa kuichambua riwaya kwa fani na maudhui. Wanajua kuuliza nani anasimulia, kwa nafsi ipi, wahusika gani wamepewa majina na wepi ni kivuli tu, na kwa nini mwandishi ameanzia pale alipoanzia. Wakifika chuo kikuu na kusajiliwa katika mipango miji au sera za umma, maswali hayo wanayaacha mlangoni. Ripoti ya halmashauri inasomwa kama chombo cha kubebea taarifa. Hakuna anayeitazama kama utungo.

Kwa hiyo mjadala wa kuingiza haki ya fidia kwa dhuluma za kihistoria katika masomo hayo umebaki, kwa sehemu kubwa, mjadala wa maudhui. Tuongeze mhadhara kuhusu ukoloni. Tuongeze wiki moja ya historia ya unyang'anyi wa ardhi. Sipingi. Lakini naona mambo hayo yote yakiingizwa katika fani ileile ya ripoti, yatamezwa na fani hiyo na hakuna kitakachobadilika kwenye ramani. Fani ya mpango ina tabia yake, na tabia hiyo ni ya zamani kuliko mtaala wowote unaojadiliwa sasa.

Tuanze na nani anasema. Jalada la mpango wa 1948 lina majina matatu: L. W. Thornton White, profesa wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, L. Silberman, mwanasosholojia, na P. R. Anderson, mhandisi. Timu ilitoka Afrika Kusini, na kitabu kilitoka mwaka uleule ambao chama cha Nationalist kilishinda uchaguzi huko na kuifanya apathaidi kuwa sera ya serikali. Kichwa cha kazi yao kinautaja mji wazi kuwa mji mkuu wa kikoloni. Kivumishi hicho hakikufichwa, na kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyo nyofu kuliko zote katika kitabu kizima. Ni ndani ya kurasa ndipo ukoloni unapoyeyuka na kuwa hali ya hewa, jambo lililopo tu, kama mvua za masika.

Miongo mitatu kabla yao alipita profesa mwingine. W. J. Simpson, profesa wa afya katika King's College, London, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1913 baada ya Nairobi kukumbwa na tauni mara kadhaa, na ripoti yake kuhusu Kenya ya wakati huo, Uganda na Zanzibar ilichapishwa mwaka 1915. Simpson anasema kwa sauti ya tabibu. Tatizo analoliona ni ugonjwa, na dawa anayoiandika ni kugawa mji kwa makundi ya rangi, Mzungu, Mhindi na Mwafrika, kila kundi na sehemu yake, huku ukanda wa ardhi wazi ukitenganisha. Ukilinganisha ripoti hizi mbili unaona jinsi sauti ilivyobadilika huku mandhari ikibaki vilevile. Simpson anatenga na kusema anatenga, akitoa sababu za panya na viroboto. Warithi wake wa 1948 wanasema hawatengi, kisha wanautumia mji uliokwisha kutengwa kama karatasi ya kuchorea.

Maprofesa wote wawili. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Vyuo vikuu vinapozungumzia haki ya fidia hupenda kujiweka katika nafasi ya msuluhishi mwenye busara, anayekuja baada ya tukio kusaidia pande mbili. Katika mipango miji ya Afrika Mashariki chuo kikuu kilikuwapo kwenye tukio lenyewe, kikiwa na cheo chake kwenye ukurasa wa kwanza.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa ukanda wa ardhi wazi ni nini. Anaufahamu uwanja wa Mnazi Mmoja, uliokaa kati ya Uhindini na Kariakoo. Kwenye ramani ya mji uwanja huo hupakwa kijani, na ufunguo wa ramani huitaja rangi hiyo kuwa eneo la wazi au la burudani. Hapa fani inafanya kazi yake kwa utulivu mkubwa. Kijani ni rangi nzuri. Nani atagombana na bustani? Ufunguo wa ramani hauna alama ya kusema kwamba ardhi hii iliachwa wazi ili mbu na Mswahili wasiruke. Kuna mwanafunzi atakayetetea kijani hicho katika mpango wake mpya, na atakuwa na haki, maana mji unahitaji pumzi. Ninalolilalamikia ni kwamba ramani aliyofundishwa kuichora haina mahali pa kuandika jambo la pili pamoja na la kwanza.

Turudi Nairobi, kwenye wazo ambalo mpango wa 1948 ulilitegemea kuliko mengine: kitongoji chenye kujitosheleza. Wazo hilo lilipata umbo lake maarufu kwa Clarence Perry, katika mpango wa eneo la New York wa mwaka 1929. Shule ya msingi katikati, barabara kuu pembezoni, maduka kwenye kona, watu wa kutosha kuijaza shule moja, na mtoto asivuke barabara yenye magari mengi. Ni fani nzuri, na kama ingekuwa shairi ningesema ina mizani. Lakini umbo hilo limefungwa. Kila kitu ndani yake kinatazama katikati, na kipaji chake kikubwa ni kuzuia watu kupita.

Umbo la namna hiyo likipandwa juu ya Eastlands, mashariki mwa reli, karibu na eneo la viwanda, ambako Waafrika walikuwa tayari wamesukumwa na sheria, mishahara na kipande, halihitaji kutaja rangi ya mtu yeyote. Linaweza kujivunia usawa wake: kitongoji cha magharibi kina shule, cha mashariki kina shule. Ukubwa wa kiwanja, upana wa njia, idadi ya watu kwa chumba, hayo yanatofautiana, lakini yanatofautiana kwa mujibu wa mahitaji, na mahitaji yamepimwa. Nani aliyapima, na alimpima mtu ambaye mshahara wake umewekwa na nani? Maandishi yanafika kwenye swali hilo na kuligeuzia mgongo kwa adabu.

Kwa hivyo kutoegemea upande si msimamo wa waandishi hawa. Ni mbinu ya usimulizi. Msimulizi hatengi mtu. Reli ndiyo inayotenga, na mto, na bei. Yeye kazi yake ni kuvipanga vizuri.

Jambo la pili la fani ni wakati. Lugha ya mpango, na hapa sizungumzii mpango wa 1948 pekee, ina mazoea ya kisarufi ambayo mtu akishayaona hawezi kuyasahau: eneo litahifadhiwa, barabara itapanuliwa, wakazi watapatiwa makazi mbadala. Kauli ni ya kutendwa na wakati ni ujao. Mtendaji hayupo, na yaliyokwisha kutendeka hayana kitenzi cha kuyabeba. Madai ya fidia yanahitaji kinyume cha vyote viwili. Yanahitaji mtendaji mwenye jina na kitenzi cha wakati uliopita: fulani alivunja, baraza lilihamisha, wizara iligawa. Pasipo sentensi ya aina hiyo hakuna deni, kuna huzuni tu.

Chukua Pangani. Kilikuwa kijiji cha Waafrika, wengi wao Waislamu wenye kuzungumza Kiswahili, wenye nyumba walizojijengea wenyewe, ndani ya Nairobi changa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kikabomolewa na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa. Katika fani ya mpango, tukio hilo linaandikika kwa sentensi fupi isiyomtaja mtu, katika sura ya historia, na msomaji hupita. Lakini kuna hasara maalumu hapo, hasara ya haki ya kumiliki nyumba mjini, iliyogeuzwa kuwa haki ya kupanga chumba. Hasara hiyo inaweza kuhesabiwa kizazi kwa kizazi: nani alirithi nini, nani angerithi nini. Sura ya historia haiihesabu kwa sababu sura ya historia, katika fani hii, haikuwekwa ili ihesabu. Iliwekwa ili itangulie.

Na hapa ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, nami nitakaa juu yake kidogo. Ripoti ya studio ya mwanafunzi wa mipango miji, iwe Nairobi, iwe Chuo Kikuu cha Ardhi pale Dar es Salaam, ina mifupa inayofahamika: utangulizi, usuli, hali ilivyo, uchambuzi, mapendekezo, utekelezaji. Usuli ndio chumba cha historia. Humo mwanafunzi anaruhusiwa, hata anahimizwa, kuutaja ukoloni, ubaguzi, unyang'anyi. Anaweza kuandika kwa uchungu na kupata alama nzuri. Kisha anafunga mlango na kuhamia hali ilivyo, ambako anahesabu visima, vyoo na upana wa njia, na kuanzia hapo mpaka ukurasa wa mwisho usuli hautajwi tena. Fanya jaribio hili kwa ripoti yoyote iliyo karibu nawe: tafuta katika sura ya mapendekezo sentensi moja inayorejea ukurasa wa usuli kama sababu yake. Ukiikosa, historia ilikuwa pambo.

Kwa maneno ya wahakiki wa tamthilia, usuli ni mhusika anayetokea onyesho la kwanza, akalia, akatoka, na mchezo ukaendelea bila yeye. Mwandishi mzuri wa tamthilia asingeruhusu. Aliyekufa katika onyesho la kwanza lazima adai kitu katika la tano.

Kibera inaonyesha gharama ya fani hii kwa tarakimu. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles waliwekwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi ilitangazwa rasmi, ekari zipatazo 4,197. Mwezi Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hatimiliki ya ekari 288. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna karne nzima ya mitaa, barabara, reli na nyumba za watu wengine waliofika baadaye, wengi wao nao wakiwa maskini waliosukumwa kutoka kwingine. Hati ya ardhi ni utungo wenye fani iliyobana kuliko zote: mipaka, ukubwa, jina la mmiliki, masharti. Kwa desturi yake haisimulii. Inasema hiki ni chako kuanzia sasa, na kwa kusema hivyo inakaa kimya kuhusu ekari zipatazo 3,900. Sisemi hati ya 2017 haikuwa na maana. Watu waliopigania karne nzima waliipokea kwa shangwe na walikuwa na haki ya kushangilia. Nasema kwamba mwanafunzi anayejua kusoma hati bila kujua kuisoma pamoja na tangazo la 1918 amefundishwa nusu ya kusoma.

Halafu kuna ramani. Kwa miaka mingi, mtu aliyeitafuta Kibera kwenye ramani za kawaida za Nairobi alikuta nafasi tupu, mpaka vijana wa huko walipoanza kuichora wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera mwaka 2009. Nafasi tupu kwenye ramani ni kauli. Katika riwaya tungeiita ukimya wa makusudi na mwanafunzi angeandika aya tatu kuihusu.

Sheria, kwa kushangaza kidogo, imekwenda mbele ya mipango miji katika jambo hili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 67, iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za sasa na za kihistoria na kupendekeza suluhu. Sheria ya Tume ya mwaka 2012, iliyorekebishwa mwaka 2016, ikazipa dhuluma hizo mipaka ya wakati: kuanzia tarehe 15 Juni 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake, hadi tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa. Hapa mwishowe tuna maandishi ya serikali yaliyoandikwa kwa wakati uliopita, yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na yenye nafasi ya mtendaji na mtendwa. Mhakiki hufurahi.

Kisha anaanza kuuliza kuhusu tarehe. Hadithi inayoanza Juni 1895 inaanza na bendera ya Mwingereza. Pwani, kuanzia Malindi hadi Mombasa, mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar yalikuwapo kabla ya bendera hiyo, na wajukuu wa waliolima mashamba hayo ni miongoni mwa wale wanaoitwa maskwota mpaka leo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyoyathibitisha madai ya wenye mashamba na kuwaacha wengi bila chochote, imo ndani ya kipindi. Utumwa uliozaa hali hiyo haumo. Sentensi imekatwa katikati, kitenzi kimebaki na chanzo chake kimeachwa nje ya ukurasa.

Tarehe ya mwisho nayo inasimulia. Kufunga hesabu siku ya kuzindua Katiba ni kusema kwamba kuanzia siku hiyo dhuluma zilizobaki ni kesi za kawaida. Mwezi Novemba 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, walivunjiwa nyumba zao kupisha barabara. Tukio hilo liko nje ya kipindi, ingawa lina umbo lilelile la Pangani: mtaa wa wasio na hati, ardhi inayohitajika, na kauli ya kutendwa. Miezi michache tu kabla, Septemba 2021, lilifikia ukingoni dirisha la miaka 5 lililotolewa na marekebisho ya 2016 la kupokea madai ya kihistoria.

Mipaka ya wakati si mbinu ya Kenya peke yake. Evanston, mji jirani wa Chicago ulipo Chuo Kikuu cha Northwestern, ulipitisha mwezi Machi 2021 hatua ya kwanza ya mpango wake wa fidia ya makazi: dola 25,000 kwa wakazi weusi walioishi hapo wakiwa watu wazima kati ya 1919 na 1969, na kwa vizazi vyao, kwa ajili ya kununua au kukarabati nyumba, au kupunguza deni lake. Mwaka 1969 ndipo mji ulipopitisha sheria yake ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba. Baadhi ya wakosoaji walisema kiasi ni kidogo na masharti ni membamba, na hoja zao zina uzito. Mimi natazama umbo. Sentensi ya Evanston ina kiima: mji, kwa sera zake, uliwanyima watu hawa makazi kati ya mwaka huu na huu. Kabla ya kura kulikuwa na utafiti wa kihistoria uliokusanya ushahidi wa sera na matendo hayo. Historia ikawa msingi wa malipo, na usuli ukafika mpaka sura ya mapendekezo. Hilo ndilo ambalo ripoti zetu za studio hazijaweza.

Vyuo vikuu vyenyewe vimeanza kujikagua, lakini kwa upande wa mfuko zaidi kuliko wa darasa. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa mwaka 2018 ripoti iliyokiri kwamba kilinufaika na fedha zenye asili ya utumwa, na kikakadiria kiasi hicho kwa thamani ya leo kuwa kati ya pauni milioni 16.7 na milioni 198. Mwaka uliofuata kikatia saini makubaliano na Chuo Kikuu cha West Indies ya kuchangisha pauni milioni 20 kwa utafiti wa maendeleo. Ni hatua ya heshima. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili, mara 12 hivi, ni utungo peke yake. Ila fedha zilizoingia ni upande mmoja wa daftari. Ujuzi uliotoka ni upande wa pili, na King's College wala Cape Town haziwezi kuuhesabu kwa pauni ujuzi uliokwenda Nairobi kwa jina la Simpson au Thornton White, kwa sababu ujuzi huo haukuisha. Ulirudi ukawa mtaala. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha mipango miji mwanzoni mwa miaka ya 1970, mji uliokuwa maabara yake ulikuwa umechorwa kwa kalamu ile, na istilahi za kuuelezea zilikuwa zilezile.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya fidia, zilizopitishwa Desemba 2005, zinataja aina tano: kurejesha kilichochukuliwa, kulipa, kuwauguza na kuwahudumia walioumizwa, kuwaridhisha kwa ukweli na kwa kuomba radhi, na kuhakikisha jambo halirudiwi. Katika fungu la nne kanuni hizo zinataka ukweli wa yaliyotendeka uingie katika vitabu vya kufundishia vya ngazi zote. Wanaotetea mageuzi ya mitaala hutumia kipengele hicho, na ni sawa. Lakini nadhani kazi nzito ya idara ya mipango miji iko katika fungu la tano. Kutorudia hakuji kwa kujua kwamba Pangani ilibomolewa. Kunakuja kwa kutoweza tena kuandika sentensi inayobomoa.

Mfano bora nilio nao wa fani mpya uko Mukuru. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru, ikiwemo Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Ardhi ya huko ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa masharti ya kujenga viwanda, masharti ambayo wengi hawakuyatimiza, na kaya zipatazo 100,000 zikawa zinaishi juu ya hati za watu wasioonekana. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake, pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore, na Berkeley ya California, waliunda makundi ya kisekta, huku wakazi wakiwa wamejipanga kuanzia kaya kumi kumi.

Kifani, kilichonivutia ni jedwali. Watafiti walilinganisha bei ambayo mkazi wa Mukuru analipia maji na umeme na bei anayolipa mkazi wa mtaa rasmi, wakaonyesha kwamba maskini analipa zaidi kwa kila kipimo. Adhabu ya umaskini, walivyoiita. Jedwali lenye safu mbili zilizo ubavu kwa ubavu linafanya jambo ambalo vitongoji vilivyofungwa vya 1948 viliundwa kulizuia: linamweka mkazi wa mashariki na wa magharibi kwenye mstari mmoja wa hesabu. Ghafla sura ya hali ilivyo inaanza kudai. Tofauti kati ya safu mbili si upungufu wa huduma tena. Ni fedha zilizotoka mfukoni mwa mtu zikaingia mfukoni mwa mwingine, mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo jedwali hilo ni la wakati uliopo. Linaonyesha anacholipa sasa, na kwa hilo ni kali. Miaka iliyokwisha kulipwa haimo. Safu ya tatu, ya nyuma, ingeleta ugomvi ambao pengine ungeua mpango mzima mezani, na walioko Mukuru walihitaji mabomba kabla ya kuhitaji hukumu. Naelewa chaguo hilo. Mwanafunzi lakini hana haja ya kulielewa mapema kiasi hicho. Darasani angeweza kuijaza safu ya tatu kwanza, akaona uzito wake, ndipo aamue kuipunguza.

Nasikia pingamizi: mpangaji si hakimu, na studio si tume ya ukweli. Kenya ilikuwa na tume ya ukweli. Ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikiwa na mengi kuhusu ardhi, na ripoti imekaa. Anayesema kazi ya ardhi iachiwe tume ana tume anayoweza kuitazama. Kuhusu uhakimu, mpangaji alikwisha kuhukumu siku alipochora mstari wa reli kuwa mpaka wa kitongoji.

Hofu yangu ni tofauti. Fani hii ina tumbo kubwa. Ukiipa msamiati wa fidia itaumeza na kuutoa ukiwa laini. Tayari lugha ya miradi inajua kusema jamii zilizoathirika kihistoria. Ziliathiriwa na nani? Historia haina mikono. Maneno hayo yanampa mtendwa heshima na kumpa mtendaji likizo, na yataandikwa katika kila pendekezo la mradi kwa miaka ijayo, kwa nia njema kabisa.

Zoezi ambalo ningelianzisha ni dogo. Mpe mwanafunzi ukurasa mmoja wa mpango wa zamani na umwambie auandike upya: kila kauli ya kutendwa ipewe mtendaji, na kila tendo lipewe mwaka. Hataweza kuumaliza akiwa ameketi. Atalazimika kwenda kwenye Nyaraka za Taifa akasome kumbukumbu za vikao vya baraza, kisha Kaloleni na Pumwani akaongee na wazee, na kurudi na majina yasiyolingana, kwa sababu baraza liliandika idadi ya vibanda na wazee wanakumbuka nani alikuwa na vyumba vingapi. Sentensi zake zitakuwa ndefu na zenye fundo. Muhula wa wiki 15 hautatosha, na kiolezo cha ripoti hakina pa kuziweka.

Likibaki swali la nani asahihishe, utaratibu wa studio unatoa jibu la kuanzia. Mwisho wa muhula mwanafunzi husimama mbele ya jopo, na kwenye jopo hukaa walimu, mpangaji wa kaunti, wakati mwingine mtu wa benki au wa shirika. Nafasi moja ya jopo hilo ipewe mtu wa Shauri Moyo ambaye wazazi wake walitoka Pangani, akiwa na karatasi ya alama kama wenzake, na alama zake ziingie kwenye wastani.